Nyambura Wawili, Chupa Mbili

Mwanangu Wachira,

Nakusalimu mimi mama yako kwanza, kwa sababu kati ya watu wote mimi ndiye niliyekuona kwanza. Niko, napumua, nakula kidogo. Wambui mkeo anakusalimu. Amerudi sasa hivi kutoka kazi ya mtaro wa kuzunguka kijiji, yuko na matope mpaka magotini, na anasema nikwambie lile koti lako ameligeuza akamshonea Kariuki mwana wenu, usikasirike. Kariuki mwenyewe anakusalimu. Meno yake ya mbele yameng'oka, na akisoma Biblia sasa anapuliza kama nyoka, tunaona aibu kucheka. Shangazi yako Muthoni, dada ya marehemu baba yako, anakusalimu, na anasema hakuna haja ya kukwambia kwamba magoti yanamuuma, lakini yanamuuma. Binti yako Nyambura anakusalimu. Mwangi mumewe bado yuko Nanyuki, anachunga ng'ombe wa yule Mwislamu anayefanya biashara ya mifugo, na mwisho wa mwezi alipopata ruhusa ya kuja aliuliza habari zako. Na kuna mtu mmoja wa nyumba hii ambaye hujamwona, Ndirangu, mtoto wao, mjukuu wako. Yeye hasalimu mtu. Anauma tu.

Na wewe bwana unayesoma barua hii kabla ya mwanangu, nakusalimu pia. Nimeandika Kiswahili kwa sababu wanasema barua ya Kikuyu hulala mezani mpaka apatikane mtu wa kuisoma. Kiswahili changu ni cha shamba la mzungu na cha sokoni, unisamehe. Hapa hakuna neno la serikali. Kuna ugonjwa tu. Tafadhali usikate mahali, kwa maana katika habari hii vitu vimeshakatwa vya kutosha.

Wachira, barua zilizopita nilikwambia Nyambura alipatwa na homa ya maziwa, akaenda hospitali, akapona. Haukuwa uongo, lakini haikuwa habari yote. Nilisema moyoni, mwanangu yuko kambini Mwea anachimba mitaro ya mpunga kwa jua lile, mbu wanamla, nitamwongezea mzigo gani tena? Lakini sasa kuna jambo haliwezi kwenda mbele bila wewe. Kwa hivyo keti chini kama wanakuruhusu kuketi, nikwambie yote.

Unakumbuka Endarasha, ile asubuhi Nyambura alizaliwa? Mimi nilikuwa katika shamba la pareto na wanawake wengine, kikapu mgongoni, vidole vimekufa kwa baridi. Nikakuona unakuja mbio katikati ya mistari ya maua, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, na unapiga kelele, "Mama! Umezaliwa! Mama, umezaliwa!" Wale wanawake walicheka mpaka wakaangusha maua. "Mama mzima na meno yake," wakasema, "ati amezaliwa tena!" Na mimi niliona haya kama msichana. Nilikimbia na wewe mpaka kwenu nikamwangalia, mwekundu, amekunja ngumi, amekasirika. Nikasema, ndiyo, huyu ni mimi.

Ndivyo desturi yetu ilivyo, msichana wa kwanza wa mwana ni mama wa baba. Kutoka siku hiyo hukumwita Nyambura. Ulimwita Maitu, mama, kama unavyoniita mimi. Hata ukimgombeza, "Maitu, toa mguu kwa moto. Maitu, nani amemwaga uji?" Na mimi nikiwa pembeni naitika kwa sauti, "Si mimi!" na wewe unacheka. Nyumba yetu ilikuwa na mama zako wawili na hatukuchanganyikiwa hata siku moja. Ulikuwa ukisema "Maitu," na kila mmoja anajua kwa sauti yako kama ni yeye.

Sasa sikiliza.

Ndirangu alipokuwa na miezi michache, titi la kushoto la Nyambura lilivimba. Likawa gumu, jekundu, moto kama jiwe la mekoni. Muthoni alimkanda na maji ya moto, akamfunga na jani la kabichi, haikusaidia kitu. Mtoto akinyonya upande ule, mama analia kabla ya mtoto. Nikaenda kwa mkuu wa kijiji kuomba ruhusa ya hospitali. Wewe ulichukuliwa kabla hatujahamishwa kuletwa huku, kwa hivyo hujui mpango wa hapa. Hakuna mtu anayetoka kijijini peke yake. Wagonjwa wote wa kijiji hutoka pamoja, siku moja kwa wiki, Jumatano, na lori moja na askari. Ukiugua Alhamisi, unaambia ugonjwa ungoje.

Jumatano tukapanda lori, mimi, yeye na mtoto. Mimi nilikwenda kumshikia mtoto tu. Sikuwa mgonjwa. Yaani niliona siumwi. Titi langu pia la kushoto lilikuwa na kitu kidogo, kigumu, kama harage chini ya ngozi, na lilikuwa pale kutoka mvua ya masika. Halikuwa na moto, halikuwa na maumivu, nikaliacha. Mwili wa mtu mzima uko na vitu vingi. Lakini Nyambura alikuwa ameliona siku ananisugua mgongo, na tulipofika mbele ya nesi, kabla hajaonyesha lake, akasema, "Na cucu pia mwangalieni, bibi yangu huyu. Yuko na kitu hapa."

"Wacha wewe," nikasema. "Changu hakinisumbui."

Yule nesi ni mama mrefu kutoka upande wa magharibi, sauti yake kama ya mwanamume. Akasema, "Mama, hapa hatuulizi kama kinakusumbua. Vua."

Daktari mzungu alikuja akatupapasa mmoja baada ya mwingine. Kwa Nyambura alikunja uso. Kwangu pia alikunja uso, lakini nilifikiri ni uso wake tu. Akasema hawezi kujua kwa mkono, lazima akate kipande kidogo cha nyama kwa kila mmoja kipelekwe mbali, mahali wanaita maabara, kuna watu kazi yao ni kuangalia nyama kwa kioo kinachofanya kitu kidogo kuwa kikubwa. Tukachomwa sindano ya ganzi, tukakatwa. Kila kipande kikatiwa katika chupa yake ndogo yenye maji ambayo harufu yake inakuingia mpaka machoni. Nyambura, na uchungu wake wote, akasema, "Cucu, tumekuwa kama pilipili za chupa za Mhindi dukani."

Nesi akauliza majina. "Nyambura," akasema binti yako.

"Na wewe, mama?"

"Nyambura."

Nesi akaweka kalamu chini. "Nyambura wawili! Kijiji kimoja, siku moja, titi na titi! Nyinyi mnataka nifukuzwe kazi?" Akacheka, na Nyambura akacheka, na mimi nikacheka. Wachira, tulicheka. Hilo ndilo linanichoma kuliko yote nikikumbuka.

Akaandika karatasi mbili, akazibandika. Unajua mimi nilisoma shule ya Jumapili tu, Kiingereza sijui, lakini jina langu nalijua nikiliona. Niliangalia zile chupa mbili pale mezani, na nikaona zimeandikwa sawasawa. Nyambura, jina la kijiji, na neno la kizungu ambalo lilikuwa moja kwa zote mbili. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa shule, lazima wako na alama yao ambayo mimi siijui. Kama wewe ukiona kondoo wawili weupe na mchungaji hana wasiwasi, unafikiri mchungaji anajua kitu. Nikabeba mtoto, tukaenda kupanda lori.

Jumatano nyingi zilipita. Wakatuita. Daktari alikuwa amekaa, na karani amesimama na karatasi mbili. Karani ni kijana wa kwetu, amevaa tai. Akaangalia karatasi, akatuangalia sisi, akaangalia karatasi tena. Akamwonyesha daktari. Wakasemezana kwa Kiingereza. Nikaona daktari anauliza swali, na karani akatugeukia akauliza kwa Kikuyu, kwa upole kabisa, "Kati yenu wawili, ni nani anasikia maumivu?"

Nyambura akasema, "Ni mimi."

"Na wewe, mama?"

"Mimi sisikii kitu," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara ya pili, mwanangu. Swali moja. Watu wa mbali walikuwa wamefanya kazi yao na kioo chao, wakajibu kweli, kwamba nyama moja ni mbaya na nyama moja ni nzuri. Lakini majibu yote mawili yaliitwa Nyambura, kwa hivyo hapa wakagawa kama watu wanaogawa viazi. Mbaya akapewa yule anayelia.

Karani akasema neno kansa. Nilikuwa sijalijua. Nikauliza kama ni ukoma. Akasema, "Hapana, mama. Ni ugonjwa unaokula mtu kutoka ndani. Dawa yake ni kisu." Nyambura hakulia. Alimtoa Ndirangu kwenye titi, akamvika vizuri, akanipa mimi. Akauliza, "Nitanyonyesha na hili lingine?" Karani akamuuliza daktari, daktari akasema ndiyo. Akasema, "Basi wakate."

Siku walipomkata nilikaa nje kwenye nyasi na mtoto. Niliomba, Wachira. Nilisema, Mungu, huyu mtoto ni mimi, alipewa jina langu, kwa hivyo hesabu ni moja kwako. Chukua ugonjwa wa huyu mdogo unipe mimi, mimi nimekula mahindi mengi. Nikarudia, nikarudia. Na sasa najua nilikuwa naomba kitu ambacho nilikuwa nacho tayari chini ya nguo yangu.

Alirudi nyumbani amefungwa kifua kama mwizi aliyefungwa kamba. Mkono wa kushoto haukuinuka. Wambui alifanya kazi yake ya mtaro na ya binti yake. Mama yake Mwangi alikuja kuangalia, akakaa mekoni, akasema mbele yetu bila hata kupunguza sauti, "Mwanamke wa titi moja! Mtoto wa pili atanyonya ukuta?" Muthoni akataka kumpiga na mwiko, nikamshika. Lakini ilifika mwisho wa mwezi, Mwangi akaja, mama yake akayarudia yale maneno, na kijana akasema, "Mama, mimi nilioa Nyambura. Ng'ombe wa maziwa nachunga Nanyuki." Nikampenda siku hiyo. Wewe ulikuwa na wasiwasi naye wakati wa kutoa mahari, ulisema hasemi. Kumbe maneno alikuwa anayaweka.

Sasa tumefika mahali pa uchungu.

Lile titi walilolitoa, lote, walilipeleka tena kule maabara. Ati ni utaratibu, kila kitu kinachokatwa kinaangaliwa tena. Utaratibu mzuri. Umekuja baada ya kisu, lakini mzuri. Na jibu likarudi kwamba ndani ya titi lile hakuna kansa hata kidogo. Kuna maziwa yaliyoganda na usaha. Kitu ambacho wangepasua kidogo, wakakamua, mtoto angenyonya tena.

Tukaitwa wote wawili. Daktari alikuwa na uso mwekundu, anageuza kalamu. Karani hakuwapo. Nesi yule mrefu ndiye alitafsiri, na hakuwa anacheka tena. Akasema, "Daktari anasema kuna kosa limetokea."

Nikasema, "Limetokea wapi? Lilikuja na miguu yake?"

Nesi hakutafsiri hilo. Akaendelea, kwamba zile nyama mbili zilichanganywa, kwamba nyama mbaya haikuwa ya Nyambura mdogo. Mimi nilikuwa sijaelewa bado. Nilikuwa namwangalia mtoto wangu, upande wake mmoja wa gauni umelala bapa, na nafikiri, basi walimkata bure, walimkata bure. Yeye ndiye alielewa kwanza. Hakusema neno juu ya titi lake. Alinigeukia akasema, "Cucu, basi ni wewe."

Wachira, aliponiambia hivyo alikuwa na uso wako.

Daktari akanipapasa. Lile harage limekuwa kama yai. Ngozi juu yake imeingia ndani kama ganda la chungwa, na kwapani kuna punje nyingine. Akapumua kwa pua. Halafu akasema kitu kwa nesi, kwa hasira, lakini hasira ambayo ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa. Nesi akaangalia chini. Nikamwambia, "Sema, mama. Nimekuja kusikia."

Akasema, "Anauliza kwa nini nyinyi Wakikuyu mnawapa watu jina moja."

Unajua mimi si mtu wa kujibu wakubwa. Lakini nikatoa pasi yangu, ile karatasi ya ruhusa ya kutembea, kutoka kwenye kitambaa nikaiweka mezani, nikamwambia Nyambura, toa yako. Akaitoa. Nikasema, "Mwambie aangalie. Serikali iliona sisi ni wawili. Hii iko na namba yake, hii iko na namba yake, na kidole changu si kidole chake. Mwambie pale geti la kijiji kuna askari, mtoto wa jirani, amekula uji kwangu tangu hajui kuvaa suruali. Nikienda kuchota maji namwambia, mimi ni Nyambura. Ananiambia, Nyambura gani, leta namba. Juzi nilisahau pasi, akanirudisha na debe tupu kichwani. Mwambie kwa kuchota maji jina halitoshi. Kwa kukata titi la mtoto, jina linatosha."

Nesi alitafsiri. Sijui kama alitafsiri yote, kwa sababu maneno yangu yalikuwa mengi na yake yakawa machache. Daktari aliangalia zile pasi mbili muda mrefu. Akasema pole. Pole tunamwambia hata mtu aliyejikwaa kidole, lakini alisema, na mimi naandika kwamba alisema, nisije nikaonekana nasingizia mtu.

Tangu siku hiyo nafikiria sana ile mikebe ya krimu. Unakumbuka? Kazi yako ya kwanza Endarasha ilikuwa kufunga kibati cha namba kwenye mikebe kabla gari halijaichukua kwenda kiwandani. Siku moja mkebe wa jirani ukaoza, na kule wakauandika kwa namba ya bwana wetu. Mzungu yule alipiga kelele mpaka mbwa wakajificha. Kutoka siku hiyo ulifunga namba mbili, moja kwa kifuniko na moja kwa tumbo la mkebe, kwa sababu vifuniko huhama, na mwenyewe anakuja na fimbo anaangalia moja moja. Ulikuwa ukirudi jioni unamwigiza sauti, "Kifuniko na mkebe! Yote mbili!" na sisi tunakufa kwa kicheko. Krimu, Wachira. Krimu ya ng'ombe ilikuwa na majina mawili ili isipotee. Sasa nikikumbuka sicheki.

Watu wananiambia nishukuru. Mchungaji aliniambia, mama, shukuru kwa sababu kosa limeonekana. Nilimwitikia kwa heshima. Lakini nikifika nyumbani nikimwona Nyambura anabeba kuni kwa mkono mmoja, shukrani hainitoki. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Siwezi kumchukia nesi, alikuwa na foleni mpaka nje mlangoni. Siwezi kuwachukia wale wa maabara, wao walisema kweli. Hata karani, aliuliza kwa upole. Kila mmoja alifanya kitu kidogo tu, na hakuna aliyerudi nyuma kuhakikisha, na vile vitu vidogo vikakusanyana vikawa kisu. Na jina langu ndilo lilimbeba mtoto mpaka kwenye kitanda kile. Nililompa kwa furaha. Usiku na mchana naambiwa si kosa langu, na najua si kosa langu, lakini niambie wewe, mtu anauvuaje uchungu wa namna hiyo?

Nyambura hana hasira kama mimi, au ameificha. Anasema sasa nesi anaandika namba ya pasi kwenye kila chupa, na umri, na upande, na anamsomea mgonjwa kwa sauti kabla hajaifunga. "Titi langu limefundisha hospitali kusoma," anasema. Anacheka. Wambui hutoka nje akisikia hivyo.

Walinikata kipande kingine, ili wahakikishe. Safari hii sikutoka chumbani. Nilimwambia nesi aandike mbele yangu, jina, namba, mzee, kushoto. Akaandika. Nikasema nisomee. Akanisomea. Nikauliza chupa inaondoka lini. Akasema, "Mama, unataka kupanda gari na chupa yako uishike mapajani?" Nikamwambia, "Ndiyo, kama askari ataniruhusu." Akanishika bega, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nimeandika vizuri, mama. Hata mimi silali."

Jibu limerudi. Kansa ni yangu.

Kwa hivyo hili ndilo jambo, mwanangu. Daktari anasema linaweza kukatwa bado. Hakuahidi. Alisema kama lingekatwa wakati ule, lingekuwa jambo lingine, na hapo nesi alitafsiri polepole sana. Sasa liko na mizizi kwapani. Lakini akikata upesi, pengine napata miaka. Asipokata, ni mvua moja au mbili. Mimi nataka wakate. Nakwambia wazi usije ukasumbuka kunifikiria. Siogopi kisu, kisu kimeshapita kwa mtoto na akasimama. Nataka kuwa hapa siku watakapokuachilia, niwe nimekaa mlangoni, na unikaripie kwa nini nimetoka kwa baridi.

Lakini hospitali haikubali mjane akatwe bila sahihi ya mwanamume wa nyumba yake. Baba yako hayuko. Wewe ndiye. Mkuu wa kijiji alisema yeye anaweza kuweka kidole mahali pako, kwa sababu wewe uko kizuizini na yeye ni baba wa kijiji. Nilimshukuru nikakataa. Sitakatwa kwa kidole cha mtu aliyekuja kutuchomea nyumba na leo anajiita baba yangu. Bwana msomaji, hilo si neno la serikali, ni neno la mimi na yeye.

Andika karatasi, Wachira. Mwombe mkubwa wako wa kambi aweke muhuri, umwambie ni mama yako anaumwa, naye alizaliwa na mama. Iende kwa Bwana Daktari, si kwa mkuu wa kijiji. Na sikiliza vizuri namna ya kuandika. Usiandike "namruhusu Maitu". Usiandike "Nyambura" peke yake. Andika Nyambura aliyekuzaa, mjane, mzee, mwenye mvi. Andika namba ya pasi yangu, nimeiweka kwenye kikaratasi ndani ya bahasha hii, iandike mara mbili. Andika titi la kushoto. Halafu chini yake andika kwamba Nyambura mwingine, binti yako, asiguswe, hata kama yuko chumbani, hata kama ndiye anayelia. Kwa maana siku hiyo yeye ndiye atakuja kunishikia mkono, na lazima atalia.

Jumatano inayokuja nitapanda lori kwenda kuuliza kama karatasi yako imefika. Isipofika, nitapanda na ile ingine. Usingoje upate wino mzuri. Andika hata kwa mkaa.

Ni mimi mama yako, yule mkubwa.